Siha ya Waislamu: Tunayoyashika yanatulinda, tuliyoyaacha yanatuumiza



Ijumaa ijayo, inshaallah, ukifika msikitini kabla khatibu hajapanda mimbari, tupia jicho pembeni mwa safu na kule nyuma karibu na ukuta. Hesabu viti. Utaviona viti vya plastiki vimepangwa kwa ajili ya ndugu zetu wasioweza kurukuu wala kusujudu. Baadhi yao ni wazee waliokula chumvi nyingi, na hao kukalia kiti ni haki yao. Wengine wamepewa mitihani ya maradhi ambayo mja hana la kufanya isipokuwa kutibiwa na kusubiri. Lakini wamo pia watu wa miaka 45 na 50, wenye watoto bado wako shule ya msingi, ambao magoti yao yameelemewa na uzito, au mguu mmoja umekatwa kwa sababu ya kisukari, au upande mmoja wa mwili umelala kwa kiharusi.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo safu hii inataka tulitazame bila kuoneana haya. Sisi Waislamu tunapenda kusema, na ni kweli, kwamba dini yetu ni dini ya siha. Pombe haramu. Nguruwe haramu. Udhu mara tano kwa siku. Funga ya mwezi mzima kila mwaka. Sasa mbona kwenye kliniki za kisukari na za shinikizo la damu tumo, na tumo kwa wingi? Je, kasoro iko katika mafundisho, au iko kwetu sisi tunaojinasibisha nayo?

Ili kulijibu swali hili, hebu tutoke kidogo nje ya nyumba yetu tukaangalie jamii nyingine ya dini ambayo maisha yake yamechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 60. Kisha tutarudi nyumbani.

Wasabato wa Loma Linda

Katika jimbo la California, Marekani, kiasi cha kilomita 100 mashariki ya jiji la Los Angeles, kuna mji mdogo uitwao Loma Linda. Mji huo una Wasabato wengi pamoja na chuo kikuu chao cha tiba. Wasabato si wageni kwetu. Hapa Tanzania waliingia kupitia Upare mwaka 1903, na wengi wetu tuna majirani au tumesoma na watu wa madhehebu hayo. Kanisa lao liliundwa rasmi huko Marekani mwaka 1863, na tangu miaka hiyo ya mwanzo liliwahimiza wafuasi wake kuuchunga mwili: wasinywe pombe, wasivute tumbaku, wasile nguruwe, na ikiwezekana waache nyama kabisa wale nafaka, kunde, mboga na matunda. Jambo la nyama si sharti, ni nasaha. Kila wiki, kuanzia jua la Ijumaa linapozama hadi linapozama la Jumamosi, huweka kazi chini na kupumzika.

Mwaka 1958 watafiti walianza kuwafuatilia Wasabato wa California wapatao 23,000 ili kujua wanaugua nini na wanakufa na umri gani. Utafiti wa pili ulianza mwaka 1974 ukiwa na watu wapatao 34,000. Wa tatu ulianza mwaka 2002 na kuandikisha watu wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada. Si kawaida jamii moja ya dini kufuatiliwa kwa muda mrefu kiasi hicho.

Walipata nini? Mwaka 2001, Dk. Gary Fraser na mwenzake David Shavlik walichapisha hesabu za utafiti wa pili. Waliwalinganisha Wasabato na wazungu wenzao wa California wasio wa dhehebu hilo. Ilionekana kwamba mwanamume wa Kisabato aliyefika miaka 30 alitarajiwa kuishi miaka 7.3 zaidi ya mwenzake, na mwanamke miaka 4.4 zaidi.

Jambo la kuzingatia, ndugu msomaji, ni kwamba watu hawa hawakutumia dawa ya miujiza. Walikula, walitembea, walilala na waliacha baadhi ya mambo. Basi.

Jina la dini peke yake halikuwatosha

Hapa ndipo penye somo kubwa zaidi, na mara nyingi ndipo wasimuliaji wa habari hii wanapoparuka. Watafiti hawakuishia kuwalinganisha Wasabato na watu wa nje. Waliwalinganisha Wasabato kwa Wasabato: watu wa kanisa moja, imani moja na mahubiri yale yale.

Wakaona tofauti kubwa. Wale waliokuwa na uzito wa wastani, wakafanya mazoezi, wakala karanga na lozi mara kwa mara, wakajiepusha na nyama na hawakuwahi kuvuta sigara, walitofautiana na wenzao wasiofanya hivyo kwa umri wa kuishi unaoweza kufikia miaka 10. Miaka kumi, ndani ya kanisa moja!

Katika utafiti wa tatu, karibu nusu ya waumini hao walikuwa wakila nyama kama kawaida. Taarifa iliyotolewa mwaka 2009, iliyohusu watu zaidi ya 60,000, ilionyesha kwamba kati ya Wasabato wasiokula chochote kitokanacho na mnyama, waliokuwa na kisukari cha ukubwani hawakufika 3 katika kila 100. Kati ya wala nyama walikuwa 7.6 katika kila 100. Vilevile kadiri watu walivyokula nyama zaidi ndivyo miili yao ilivyokuwa mizito zaidi.

Ni kweli kwamba tafiti za namna hii zina mipaka. Mtu anayejali chakula huenda anajali pia usingizi wake, hapendi kugombana, na huwahi hospitali akiugua, kwa hiyo si rahisi kusema faida yote imetoka kwenye sahani. Lakini watafiti walijitahidi kuyazingatia hayo katika hesabu zao, na picha waliyoipata inalingana na tafiti za jamii nyingine.

Kwa hiyo somo la Loma Linda si kwamba Wasabato ni watu bora, wala si kwamba Mwislamu aache nyama aliyohalalishiwa na Mola wake. Somo ni hili: dini haimlindi mtu mwili wake kwa jina. Inamlinda kwa yale anayoyafanya kila siku. Aliyeyashika alipata, na aliyeyaacha alikosa, ingawa wote waliandikwa katika daftari moja la waumini.

Tukilichukua somo hilo na kurudi nalo nyumbani, tutaona kwamba na sisi ni vivyo hivyo.

Tunayoyashika yanatulinda

Tuanze na neema, maana si vizuri mja kuhesabu mabaya tu.

Neema ya kwanza ni kuharamishwa kwa pombe. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2019 pekee pombe ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 2.6 duniani. Humo mna maradhi ya ini, saratani kadhaa, ajali za barabarani na ugomvi wa majumbani. Mwislamu aliyeitii amri iliyomo katika Suratul-Maidah amefungiwa milango yote hiyo kwa pamoja, hata kama hajui ini liko upande gani wa mwili.

Neema ya pili ni tohara ya wanaume. Kati ya mwaka 2005 na 2006 yalikamilika majaribio matatu makubwa huko Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda. Yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaanza kuipendekeza kwa nchi zenye maambukizi mengi. Tusisahau kwamba kupunguza si kuzuia kabisa. Aliyetahiriwa akazini bado yumo hatarini, na dhambi iko pale pale.

Neema ya tatu ni usafi. Kustanji kwa maji, kuosha mikono, kusukutua, kupiga mswaki, kuoga janaba, kukata kucha: haya ni mambo ambayo mtoto wetu anayajua kabla hajajua kusoma. Ila hapa kuna tahadhari ndogo. Udhu ni ibada na twahara, na hutimia kwa maji peke yake. Vijidudu vya kuhara, kwa upande wao, vinahitaji maji na sabuni. Kuosha mikono kwa sabuni hupunguza maradhi ya kuhara kwa takriban theluthi moja. Basi ukitoka chooni na kabla ya kula, tumia sabuni, usiseme "nina udhu".

Angalia neema hizi tatu. Hatuzijadili wala hatuzifanyii kampeni. Tumekulia ndani yake, na kwa kuwa wengi wetu tunazishika, zinatulinda wengi wetu.

Tuliyoyaacha yanatuumiza

Sasa tuje kwenye mambo ambayo dini ilituamuru vilevile, lakini sisi tumeyaweka kabatini.

La kwanza ni kiasi katika kula. Aya ya 31 ya Suratul-A'raf inaturuhusu kula na kunywa, na papo hapo inatukataza israfu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) na kutolewa na Imamu Tirmidhi, ametufundisha kwamba mwanadamu anatoshwa na matonge machache ya kumsimamisha mgongo. Kama hapana budi kuzidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Hadithi hii tunaijua sote. Tunaisikia kwenye darsa, kisha tunatoka kwenda kwenye walima, na pale sinia la pilau likishushwa, theluthi ya pumzi ndiyo ya kwanza kuuzwa.

Tuangalie mfano wa futari, maana Ramadhani ndiyo kioo chetu. Mwezi uliowekwa ili tupunguze, sisi tumeufanya mwezi wa kuongeza. Bajeti ya jikoni hupanda, mafuta ya kukaangia hununuliwa kwa ndoo, sukari kwa kilo kadhaa. Hebu tuhesabu sukari pekee. Mfungaji anaanza na bakuli la uji lenye vijiko vinne vya chai vya sukari. Anafuatia na glasi ya juisi ya ukwaju yenye vijiko vinne. Baadaye chai, vikombe viwili, kila kimoja vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 14. Bado hatujahesabu kaimati, tambi za sukari wala visheti. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban vijiko 12 kwa siku nzima kwa mtu mzima, na bora zaidi iwe vijiko 6. Mfungaji wetu amevuka mpaka wa siku nzima kabla hajasimama kwa Isha.

Ndiyo maana tafiti nyingi za uzito zilizofanywa katika mwezi wa Ramadhani zimeonyesha kwamba, kwa wastani, mfungaji hupungua kiasi cha kilo moja tu, na sehemu kubwa ya hiyo hurudi wiki chache baada ya Idi. Funga haina kosa. Tunayekosea ni sisi, kwa kuilipa njaa ya mchana kwa riba usiku.

La pili ni kuutumikisha mwili. Mtume (s.a.w.) na masahaba wake walitembea, walichimba handaki kwa mikono yao, walipanda farasi. Imepokewa na Abu Daud kwamba alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.). Mama wa waumini alikimbia, wala heshima yake haikupungua. Leo sisi tuko wapi? Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha ulinganisho wa nchi 168. Nchi iliyoshika mkia ni Kuwait, ambako watu wazima 67 katika kila 100 hawakufikisha kiwango kinachotakiwa cha kuushughulisha mwili. Walioongoza kwa kushughulika ni Uganda na Msumbiji, ambako wasiofikisha walikuwa 6 tu katika kila 100, kwa sababu watu wanalima kwa jembe na wanatembea kwa miguu.

Matunda ya hali hizi tumekwisha kuyaona. Katika takwimu za Shirikisho la Kimataifa la Kisukari za mwaka 2021, Pakistan ilishika nafasi ya kwanza duniani kwa kiwango cha kisukari miongoni mwa watu wazima, na Kuwait ilikuwa katika nchi tatu za juu kabisa. Hizi ni nchi za adhana mara tano. Nasaba ina mchango wake katika kisukari, na maisha ya mjini pia. Lakini hakuna anayeweza kusema sahani na kiti havimo.

Wala tusidhani sisi wa Afrika Mashariki tumesalimika kwa sababu ya jembe. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu. Jembe tumeliacha shamba, mjini tunapanda bodaboda hata kwa safari ya dakika kumi.

La tatu ni moshi na tambuu. Tumejiepusha na chupa, lakini vibarazani mwetu sigara inawaka, shisha inakoroma na tambuu inatafunwa. Indonesia, moja ya nchi zenye Waislamu wengi zaidi, zaidi ya nusu ya wanaume wake wazima wanavuta. Kuhusu shisha, Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha mwaka 2005 kwamba kikao kimoja cha saa moja humwingiza mtu moshi mwingi kuliko sigara moja kwa mara 100 hadi 200. Maji yaliyomo kwenye chombo hayasafishi sumu. Na kuhusu tambuu, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Dada zetu wa pwani wanaotafuna wasidhani kwamba ni mila isiyo na madhara.

Mgonjwa wa kisukari na funga

Nasaha hii ni ya pekee kwa mwenye kisukari, kwa kuwa hapa mapenzi ya dini bila elimu yanaweza kumwua mtu.

Mwaka 2001 ulifanyika utafiti uliohusisha wagonjwa wa kisukari 12,243 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi. Ilionekana kwamba katika mwezi wa Ramadhani sukari kushuka kwa hatari kuliongezeka mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Sukari ikishuka hivyo mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, huchanganyikiwa, na anaweza kupoteza fahamu.

Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratul-Baqarah amempa mgonjwa ruhusa ya kula, na amesema wazi kwamba anatutakia wepesi. Kuikataa ruhusa ya Mola wako ukajiangamiza si uchamungu. Basi muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani. Baadhi ya wagonjwa wataruhusiwa kufunga kwa kubadilishiwa dawa na nyakati zake. Wengine wataambiwa wasifunge, nao walipe fidia au kadhaa kwa kadiri watakavyoelekezwa na wanazuoni. Mwenye kufunga apime sukari yake mchana. Kujitoboa kidole kutoa tone la damu hakubatilishi funga, hivyo ndivyo walivyofutu wanazuoni. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 au kikizidi 16.6, fungua hapo hapo, usisubiri adhana.

"Ajali imeandikwa"

Atasimama ndugu yetu aseme: "Sheikh, umri umeandikwa. Kuna watu wanakula mboga wanakufa vijana, na kuna mzee anavuta sigara ana miaka 90." Ni kweli umri umeandikwa. Lakini Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba tauni imeingia huko, alirudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza yule bedui amfunge ngamia wake, kisha ndipo atawakali.

Vilevile tusiangalie umri peke yake. Kuna kuishi miaka 70 unainama na kuinuka katika swala, na kuna kuishi miaka 70 hiyo hiyo ukiwa umelala kitandani miaka 15 ya mwisho, mkeo akikugeuza na wanao wakiuza kiwanja kwa ajili ya dawa. Mwili ni amana, na atakayeulizwa si wewe peke yako unayeumia. Mjane na mayatima wana haki ndani ya mwili huo.

Tuanze wapi?

Hatuhitaji hospitali kubwa kuanza. Nyumba moja inatosha, na msikiti mmoja ni bora zaidi.

1. Pima tumbo kwa uzi. Chukua uzi wenye urefu sawa na kimo chako, ukunje mara mbili. Uzi huo uliokunjwa ukizunguka kiuno chako na ncha zikakutana, alhamdulillah. Usipofika, hiyo ni tahadhari. Kipimo hiki hakimhusu mama mjamzito.

2. Tembea kwenda msikitini. Mtu mzima anatakiwa walau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi mfano wake. Kama msikiti uko mwendo wa dakika 10, ukienda na kurudi mara mbili kwa siku umetembea dakika 40, na kila hatua ina ujira wake. Swala yenyewe ina baraka zake na hunyoosha viungo, lakini tusiihesabu kuwa ndiyo mazoezi ya kutosha.

3. Akina mama wasiachwe nyuma. Matembezi ya kikundi baada ya Alfajiri au Alasiri, kwa sitara kamili, hayana ubaya wowote. Mume aliyeshinda baraza akinywa kahawa hana haki ya kumlaumu mkewe kwa kunenepa ndani.

4. Futari ianze kwa sunna. Tende na maji, kisha swala ya Magharibi, ndipo chakula. Pungufu ya muda huo mfupi hukata ile pupa. Mihogo, magimbi na ndizi zichemshwe, si zote zikaangwe. Tui liwe jepesi. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa yakawa meusi yamwagwe. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

5. Kunde, choroko, maharage, mbaazi na mchicha zirudi mezani si kwa sababu hakuna nyama, bali kwa sababu zina faida. Nyama iwe mgeni wa siku chache za wiki. Karanga na korosho ni tunda letu wenyewe. Wasabato waliokula mbegu za namna hiyo mara tano au zaidi kwa wiki walipata mshtuko wa moyo karibu nusu ya wale waliokula kwa nadra. Kula konzi moja isiyo na chumvi nyingi, na karanga yenye ukungu tupa, ina sumu ya ini.

6. Jumatatu na Alhamisi. Mwenye afya njema aihuishe sunna ya kufunga siku hizi, kwa futari ya kawaida ya nyumbani.

7. Msikiti uwe na siku ya kupima. Mara moja kila miezi mitatu, baada ya Ijumaa, kamati imwombe muuguzi au daktari wa mtaani apime shinikizo la damu na sukari. Shinikizo la damu haliumi, ndiyo maana linaua. Wanawake wapangiwe sehemu yao.

8. Khitma na walima. Viongozi wetu waanze wao. Sinia la matunda na maji mahali pa soda, pilau ya kiasi. Chupa moja ya soda ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko karibu tisa.

Ndugu msomaji, tumeona kwamba tulipoacha pombe kwa pamoja, tulinusurika kwa pamoja. Hakuna aliyeona tabu, kwa sababu jirani hanywi, mjomba hanywi, na mgeni haulizwi kama anakunywa. Kiasi katika kula na kuutembeza mwili navyo vingekuwa vyepesi hivyo hivyo kama vingekuwa desturi ya nyumba na ya mtaa, badala ya kuachiwa mgonjwa mmoja anayekula mboga peke yake huku wenzake wakimcheka. Amri hizo hatukuzikosa. Tumezikosa kwenye sahani.

Leo usiku, kabla ya chakula cha jioni, chukua uzi. Anza na wewe mwenyewe, kisha mkeo, kisha mzee wako kama yungali hai. Mkiona kuna la kurekebisha, lirekebisheni pamoja, nyumba nzima, kuanzia kikombe cha chai cha kesho asubuhi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na atujaalie tumsujudie kwa vipaji vya nyuso zetu ardhini mpaka mwisho wa umri wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.